Kibofu cha Machibya

Machibya Shimba alikojoa damu kwa mara ya kwanza akiwa mvulana wa kuchunga ng'ombe, na hakuona kuwa ni jambo la kulilia. Kijijini kwao, upande wa Misungwi, wavulana walishinda ndani ya majaruba ya mpunga na kwenye malambo ya kunyweshea mifugo, na wakawa wanashindana nani mkojo wake ni mwekundu zaidi. Waliambiwa ndiyo dalili ya kukua. Aliyekojoa mweupe alichekwa kwamba bado ananyonya. Baadaye watu wa afya walifika shuleni, wakawapima urefu, wakawapa vidonge vikubwa vichungu vya kichocho, na mkojo ukarudia rangi yake. Maisha yakaendelea.

Alipovuka miaka hamsini alikuwa mwendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Misungwi mjini. Mashine ilikuwa ya tajiri mmoja wa Mwanza, lakini watu walipaita "kwa Machibya". Alikuwa mpana wa mabega, mwenye sauti ya kushindana na injini na nyusi nyeupe kwa vumbi la pumba. Gunia zima alilibeba peke yake na kulitua bila kuguna. Wanawake waliomletea mpunga walimpenda kwa utani wake, na zaidi kwa sababu kila mtu aliondoka na mchele wake wote, hata chenga zake.

Damu ilirudi kiangazi kimoja, bila kubisha hodi. Alikuwa amesimama kwenye choo cha mabati nyuma ya mashine, akaona mkojo unatoka mwekundu kama juisi ya rosela. Hakuwa na maumivu popote. Hakuwa na homa. Akajiambia, "Kichocho kimenikumbuka," akaenda duka la dawa kununua vidonge vile vile vya utotoni. Siku chache mkojo ukawa safi, akashukuru Mungu. Wekundu ukarudi. Akanunua tena. Ukaendelea kumchezea hivyo, unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, naye hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mwanaume mzima, babu wa wajukuu, aseme anatokwa na damu huko?

Aliyemgundua ni mkewe, Teodora, na alianza kwa kumgundua vibaya. Teodora alikuwa anauza mitumba siku za gulio, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyependa kuzunguka maneno. Aliona mume wake, ambaye tangu waoane hajawahi kushika beseni, sasa anafua nguo zake za ndani mwenyewe na kuzianika chumbani.

"Baba Sabina, keti," alimwambia jioni moja, akimwita kwa jina la binti yao mkubwa. "Ni mwanamke gani huyo anayekufulisha?"

Machibya hakuketi. Akainama, akavuta beseni lililokuwa chini ya kitanda, akamwonyesha nguo ambazo hajazifua.

Teodora alitazama yale madoa, kisha akaketi sakafuni palepale.

"Ungeniambia ni mwanamke," alisema, "ningejua la kufanya."

Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe. Kipimo cha picha kilionyesha kitu kama uyoga kimeota kwenye ukuta wa kibofu cha mkojo. Wakaandikiwa rufaa kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Huko wakamwingizia kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, jambo ambalo Machibya hakulisimulia tena maishani mwake, wakanyofoa kinyama wakakipeleka maabara. Kisha wakamwambia asubiri, akasubiri, anaendesha mashine, anatania wanawake, na moyo wake uko kwingine.

Majibu walipewa na Daktari Revocatus, kijana wa Kihaya aliyezungumza polepole.

"Mzee Machibya, ni saratani," alisema. "Lakini nisikilize mpaka mwisho kabla hujaziba masikio. Haijatoka nje ya kibofu. Tumeiwahi."

"Basi ikwangueni."

"Aina hii, inayoletwa na kichocho cha muda mrefu, ukiikwangua hairidhiki. Inarudi. Dawa za kuosha kibofu nazo haiziogopi. Tiba yake ni kukitoa kibofu chote."

Machibya alimgeukia mkewe kuona kama naye amesikia vilevile.

"Kibofu chote? Sasa mkojo utakaa wapi?"

Daktari alisimama, akatumia shati lake mwenyewe kueleza. "Tunakata kipande kifupi cha utumbo. Ile mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo tunaishonea hapo. Halafu ncha moja ya huo utumbo tunaitoa nje, hapa." Akagusa kulia kwa kitovu chake. "Juu yake utabandika mfuko. Mkojo utakuwa unaingia humo mchana na usiku, bila kukuuliza."

"Bila kuniuliza," alirudia Machibya.

"Na kuna tezi chini ya kibofu, nayo itaondoka. Mambo ya chumbani huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Nakuambia mbele ya mama ili kusiwe na siri."

Teodora alikuwa anatazama mikono yake. Machibya aliuliza kwa sauti ndogo, "Na nikikataa?"

"Leo huumwi, ndiyo maana ni vigumu kuniamini," daktari alisema. "Damu itaacha, utajiona umepona. Usidanganyike. Siku ugonjwa ukivuka ukuta wa kibofu, sitakuwa na cha kukutolea."

Hapo ndipo Machibya alipojiona amenaswa. Laiti angekuwa anaumwa! Mtu mwenye maumivu huomba kisu mwenyewe. Yeye alikuwa anakula, analala, ananyanyua magunia, na bado anaambiwa achague: abaki mzima hivi alivyo na afe baadaye, au akatwe sasa hivi aishi nusu mtu. Kila upande aliogeukia palikuwa na ukuta. Usingizi ulimtoka. Mashine ikizimwa jioni alibaki ameketi juu ya magunia mpaka Teodora amfuate.

Hatimaye alikubali, au tuseme alichoka kukataa. Wakamlaza hospitali Mwanza, apasuliwe kesho yake. Daktari Revocatus, kwa nia njema kabisa, akamwita mtu wa kumtia moyo: Mzee Akbarali, muuza spea za baiskeli pale mjini, ambaye alitolewa kibofu miaka kadhaa nyuma. Mzee alikuja na kofia yake nyeupe, anatembea kwa haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa Mwanza hasa.

"Shikamoo mzee," Machibya alimwamkia.

"Marahaba, bwana. Wewe ndiye wa mashine ya Misungwi? Pole. Mimi sina maneno mengi, nimekuja uone."

Akavuta pazia, akapandisha shati, akabandua ule mfuko taratibu. Machibya aliona kipande cha nyama nyekundu, chenye unyevu, kimechomoza tumboni kama mdomo wa mtoto. Kilikuwa kinacheza. Kilijikunja kidogo, kikatema tone la mkojo, kikatulia, kikajikunja tena.

"Kiko hai?"

"Ni utumbo, na utumbo haujui kutulia. Hakiumi. Gusa."

Machibya hakugusa.

"Mimi nililia kama mtoto mchanga," Mzee Akbarali alisema huku akijifuta kwa kitambaa na kubandika mfuko mwingine. "Sasa nafungua duka, naswali, nimeozesha mabinti. Huyu namwita mpangaji. Nimemzoea."

Machibya alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Akarudi kitandani. Aliutazama upande wa kulia wa tumbo lake, ngozi nyororo isiyo na alama, na akahisi kama kuna kitu tayari kinasukuma kutoka ndani. Teodora alikuwa ameshuka kununua chakula cha mchana. Machibya alivaa suruali yake na shati juu ya nguo za wodini, akapita katikati ya watu waliokuja kuona wagonjwa, akatoka. Hakuna aliyemuuliza. Alitembea mpaka kwenye gati, akapanda kivuko cha kwenda Kamanga.

Ziwa lilikuwa shwari. Alisimama penye upepo, akaona hospitali na mji na mawe yake vikirudi nyuma, na kwa muda mfupi alijisikia kama mtu aliyevunja gereza. Kisha akabanwa na mkojo. Kwenye choo cha kivuko ulitoka mwekundu kuliko siku zote. Akaelewa kwamba alichokuwa anakikimbia amekipandisha chomboni pamoja naye.

Alikuwa anakwenda kwa kaka yake, Antoni, aliyehamia Sengerema na ng'ombe wake zamani. Boma la Antoni lilikuwa mbali na barabara, limezungushiwa uzio mnene wa minyaa, na mlango mmoja tu. Antoni alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. Baba yao alifia hospitali. Alipelekwa kwa ajili ya tumbo, akafunguliwa, akafungwa, akarudi ndani ya sanduku. Tangu hapo Antoni aliapa kwamba hakuna wa ukoo wao atakayefunguliwa tena.

"Umefanya vema kuja," alisema. "Hapa hakuna kisu."

Akachukua simu ya Machibya akaiweka mfukoni mwake. "Pumzika. Nitazungumza nao mimi."

Na kweli alizungumza nao. Alimpigia Teodora kumwambia mumewe yuko mikononi mwa ukoo. Teodora hakuridhika. Alifika juma lile lile, amepita daraja jipya la Busisi akitokea Misungwi, amechoka na vumbi limemjaa. Antoni alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mama Sabina. Karibu."

Akachinjiwa kuku. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakaketi. Mmoja baada ya mwingine wakasema mtu hawezi kuishi bila kiungo ambacho Mungu amempa; kwamba madaktari wanajifunzia kwa watu; kwamba mwanaume akitolewa vile vitu si mwanaume tena, na mke wake mwenyewe ndiye atakuwa wa kwanza kumcheka. Teodora aliwasikiliza wote. Kisha akamgeukia mume wake.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Machibya alikuwa ameketi katikati yao. Alifungua mdomo. Aliona macho ya kaka yake, aliona ya mkewe, aliona mlango wa boma ukiwa wazi hatua chache tu kutoka pale. Akafumba mdomo.

Teodora alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nimekuja kuchukua mume," alisema, "nimekuta mtoto wa watu."

Akaondoka bila kumalizia chakula.

Baada ya hapo aliletwa mganga. Akampa mizizi ya kuchemsha, michungu kiasi cha kufumba macho, na dawa nyingine ya kujipaka kiunoni. Na damu ikaacha! Siku zikapita mkojo ni safi, mweupe kama wa mtoto. Antoni alifurahi mpaka akachinja mbuzi. Majirani walikuja, watoto wakacheza, watu wakampongeza Machibya kwa kutumia akili. Yeye peke yake ndiye aliyesikia masikioni ile sauti ya polepole: damu itaacha, usidanganyike. Alikula ile nyama kama mtu anayekula kwenye msiba wake mwenyewe.

Sasa angetokaje? Kama angekuwa amefungwa na adui, angeruka ule uzio. Lakini waliomfunga walikuwa wanampenda. Watoto wa kaka yake walimletea maji ya kunawa. Shemeji yake alimpikia ugali wa mtama kwa sababu alisema anaupenda. Antoni mwenyewe alilala kwenye mkeka nje ya mlango wake akidai ndani kuna joto. Machibya alijaribu mara moja tu. "Kaka, ninafikiri nirudi nikaonwe tena," alisema, na Antoni akamjibu kwa upole, "Urudi ukatafute nini, na wewe umepona?" Wakati huo huo, kule ndani ya mwili wake, kile kitu kilikuwa kinaendelea na kazi yake, na Machibya alikijua.

Siku moja mchana, vijana wakiwa wamekwenda na ng'ombe, alikwenda nyuma ya nyumba kukojoa. Kilitoka kipande kimoja cheusi kama ini, kisha hapakutoka kitu. Alisukuma. Hakuna. Alitembeatembea, akachuchumaa, akanywa maji akidhani yatasaidia, na maji yakazidisha. Alasiri tumbo la chini lilikuwa limejaa na kukaza kama ngoma. Alikuwa amejaa mkojo na hana pa kuutolea. Damu iliyoganda imeziba mlango. Jasho lilimtiririka, akashika nguzo ya zizi kwa mikono yote miwili, akapiga kelele ambazo hakuwahi kuzipiga tangu azaliwe.

Antoni alikuja mbio. Alileta ile mizizi, mdogo wake akaipiga teke. Basi kaka mtu akatupa kila kitu, akaita pikipiki, wakampakia katikati, Antoni nyuma amemkumbatia, wakakimbilia hospitali Sengerema. Kila shimo la barabara Machibya alilia. Pale wakamwingizia mpira wa mkojo, wakasukuma maji, wakavuta madonge ya damu, moja, jingine, jingine, mpaka mkojo ukafunguka. Antoni alikuwa amesimama pembeni. Alipoona kilichojaa kwenye chombo, alitoka nje akaegemea ukuta.

Aliporudi aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Mdogo wangu, sikujua."

"Mimi nilijua," Machibya alisema. "Niliambiwa, nikanyamaza. Nipe simu yangu."

Antoni akaitoa mfukoni. Machibya akampigia mkewe.

"Mama Sabina, njoo unichukue."

"Nikuchukue nikupeleke wapi?"

"Kwenye kisu."

Teodora akasema, "Kaka yako yupo hapo? Weka sauti ya juu. Sema asikie."

Machibya akaweka. Alimtazama kaka yake usoni, na sauti yake, ile ya kushindana na injini, ikatoka yote kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani aliinuka. "Nataka wanipasue. Hakuna aliyenilazimisha. Nataka."

Antoni aliinamisha kichwa. Akasema, "Basi nakwenda na wewe."

Daktari Revocatus hakumficha hasira zake. Alimwambia Machibya kwamba amecheza na bahati yake, akampima upya kila kitu, nao wakakaa tena kungoja. Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili kabla ya kuinua uso. Bado haijavuka. Imekaribia kuvuka ukuta, lakini haijavuka.

Walimpeleka chumba cha upasuaji asubuhi, na jua lilikuwa limeelekea magharibi alipotoka. Antoni na Teodora walishinda kwenye benchi moja bila kuzungumza, mpaka Antoni akaenda kununua chai, akaleta vikombe viwili.

Machibya alipozinduka alikuwa amefungwa na mipira pande zote: mmoja puani, mmoja mkononi, mingine ikitoka tumboni. Hakuweza kugeuka. Koo lilimkauka, na maji alinyimwa. Hakuruhusiwa kula mpaka utumbo uamke, na dalili ya utumbo kuamka ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila muuguzi aliyepita alimuuliza kwa sauti ya kusikiwa na wodi nzima, "Baba, umejamba?" Yeye aliyezoea kutania watu akawa ndiye anayetaniwa na wodi nzima. Siku ilipotokea, wagonjwa walimpigia makofi. Machibya alitaka kucheka, mshono ukamzuia.

Alikataa kulitazama tumbo lake. Teodora ndiye aliyejifunza kwa muuguzi kubandua mfuko, kusafisha, kukausha ngozi, kubandika mwingine. Machibya aligeuza uso ukutani kila mara. Walipokaribia kuruhusiwa, Teodora aliweka vifaa kitandani akatoka nje, akakaa hukohuko. Mfuko ulijaa. Machibya alimwita mara tatu. Mwishowe ilimbidi ainamishe macho. Kile kitu kilikuwa kinajikunja na kujikunjua, chekundu, kimya, hakina habari naye. Alikikausha kwa kitambaa, akabandika mfuko umekaa upande.

Watu hudhani mtu akitoka hospitali amefunguliwa. Kwa Machibya kifungo kilikuwa nyumbani. Kulala ilibidi aunganishe mfuko na mpira mrefu unaoingia kwenye kidumu chini ya kitanda, na akigeuka bila kufikiri ule mpira ulimvuta kama kamba ya mbuzi. Mifuko yenyewe ilipatikana kwa shida. Mara nyingi iliagizwa Dar es Salaam, na ikichelewa Teodora aliosha iliyotumika akaianika kivulini. Mzee Akbarali alikuwa anawatumia kadhaa kwa basi, na jioni alipiga simu kuuliza, "Ngozi imekauka vizuri kabla hujabandika? Usidanganye, bwana." Machibya alimjibu kwa kifupi. Aliona haya, maana alimkimbia mzee wa watu.

Jumapili ya kwanza alipothubutu kwenda kanisani, walisimama kusali, mfuko ukaachia. Alihisi joto likishuka pajani, likafika kwenye soksi. Akatoka katikati ya sala, suruali imelowa, na ingawa hakuna aliyesema neno, alisikia maneno yote. Baada ya siku ile alijifungia. Wateja wa mashine walikuja kumsalimia, akaagiza waambiwe amelala. Alishinda chumbani, dirisha limefungwa, akinusa nguo zake.

Na mambo ya chumbani daktari alikuwa amesema kweli. Walijaribu. Machibya aligeukia ukuta, akasema kwa uchungu, "Wazee wa Sengerema walisema utanicheka."

"Mimi nimecheka lini?" Teodora alimuuliza. Naye alilia, lakini kivyake, nyuma ya nyumba, penye jiko, akisingizia moshi. Alikuwa na haki ya kulia. Na yeye kuna kitu alitolewa siku ile, na hakuna aliyempa pole. Walichukua muda mrefu kulizungumza jambo hilo. Hatimaye walizoea kulala wameshikana mikono, mpira wa kidumu ukipita upande wa pili, na wakaona hiyo nayo ni ndoa.

Aliyemtoa chumbani alikuwa Antoni. Alikuja na jogoo na unga wa mtama, akaketi, akazungukazunguka na habari za mvua. Kisha akasema, "Nionyeshe."

"Nini?"

"Nilichokukataza. Nataka nikione."

Machibya akapandisha shati. Mkubwa wake aliinama, akatazama kwa muda mrefu kupitia ule mfuko unaoonyesha, kama mtu anayekagua kwato ya ng'ombe. Akanyoosha kidole, akagusa pembeni.

"Basi ni hiki tu?" alisema. Na akaanza kulia, mzee mwenye mvi, kwa sauti, mpaka Machibya akalazimika kumbembeleza. Walikaa hivyo, mgonjwa anamtuliza mzima, na Teodora akawasikia kutoka uani akaacha kuchambua mchele.

Kesho yake Machibya alikwenda kwenye mashine. Tajiri alikuwa ameweka mwendeshaji mwingine, kijana mwenye nguvu aitwaye Josephat, lakini hakujua kusikiliza injini; mchele ulikuwa unatoka umevunjika. Machibya akapewa kiti na kazi ya kusimamia. Kunyanyua mizigo alikatazwa kabisa, kusudi tumbo lisifumuke penye tundu. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Mwanamke akija na gunia, mwili wake ulinyanyuka wenyewe kwenda kumtua, na ilimbidi ajirudishe kitini kama mtu anayejivuta kwa kamba. Waliomjua walitazama pembeni. Wasiomjua walimwona mvivu, na hakuwaeleza.

Kila baada ya miezi kadhaa anakwenda Mwanza kupimwa, na kila safari usingizi unampaa kabla. Mara ya mwisho, mwaka huu, Daktari Revocatus alitazama picha, akasema hajaona kitu popote, aje tena baada ya nusu mwaka. Teodora alipiga vigelegele palepale kwenye korido. Machibya alimshukuru daktari, akatoka. Alitegemea kufurahi zaidi. Alijisikia kama mtu aliyeongezewa muda tu wa kungoja.

Wakirudi Misungwi walishuka Usagara, wakaingia kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara kula sato. Katikati ya chakula Machibya alisimama ghafla.

"Mama, choo kiko wapi?" alimuuliza mwenye hoteli. "Nimebanwa."

Teodora aliacha kutafuna. Machibya alikuwa amebanwa kweli, vilevile kama zamani, chini ya kitovu, mahali ambapo sasa hapana kitu. Alisimama pale, mkono tumboni, mpaka alipokumbuka. Uso ulimshuka. Kisha akaugusa mfuko juu ya shati, akaukuta umejaa.

"Nenda tu," Teodora alimwambia. "Samaki wako nitamlinda."

Mwenye hoteli akamwelekeza mlango wa nyuma, naye akaenda.